Mikono Kwanza, Penseli Baadaye: Mwongozo wa Kumfundisha Mtoto Mdogo Nyumbani

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi anayeshinda nyumbani na mtoto wa kati ya miaka mitatu na sita, awe anamfundisha mwenyewe kabla ya kumpeleka shule, au anataka kuongezea yale ambayo mtoto anayapata darasani. Ninaandika nikiwa Kisumu, magharibi mwa Kenya, ambako nimelea watoto wangu watatu, na kwa hiyo vifaa ninavyovitaja ni vile vinavyopatikana jikoni, uani na sokoni huku kwetu. Mzazi wa Nakuru au Kakamega atabadilisha mambo machache tu.

Shule zilipofungwa nchini Machi 2020, wengi wetu tuligeuza meza za kulia chakula kuwa madawati, tukawakalisha watoto wa miaka minne mbele ya daftari kwa saa mbili mfululizo, na kufikia wiki ya pili nyumba ilikuwa imejaa vilio. Nami nilifanya hivyo, na sikuacha mpaka nilipoona kwamba mtoto aliyekataa katakata kuandika 5 alikuwa nyuma ya nyumba akiwagawia wenzake kokoto tano tano bila kukosea hata mara moja. Mtoto wa umri huu hukijua kitu baada ya kukishika. Kazi ya mzazi ni kuandaa kifaa, kuonyesha mara moja, kisha kuuzuia mkono wake mwenyewe, na katika hayo matatu ni hilo la mwisho linalotushinda.

Jambo moja la kisheria lisisahauliwe. Katika mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini mwaka 2019, mtoto huingia PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, akiwa na miaka minne, PP2, mwaka wa pili, akiwa na mitano, na Gredi ya kwanza akiwa na sita. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe kuwa mtoto aliyefikisha umri wa shule anahudhuria masomo, kwa hiyo anayekusudia kuendelea kufundisha nyumbani baada ya umri huo azungumze mapema na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo anamoishi.

Mahali, muda na vifaa

Chagua sehemu moja ya nyumba itakayokuwa ya kazi kila siku, kama vile pembe ya sebule yenye mkeka au baraza yenye kivuli. Mkeka una faida kuliko meza, kwa sababu mtoto anakaa karibu na kifaa chake, kikianguka hakivunjiki, na mkeka ukikunjwa naye anajua kwamba kazi imekwisha. Joto la Kisumu huwachosha watoto mapema, kwa hiyo anzeni baada ya uji, mnamo saa mbili na nusu asubuhi, na ikifika saa nne na nusu muwe mmemaliza. Ndani ya saa hizo mbili weka kazi mbili za mikono tu, kila moja ya dakika kumi na tano hadi ishirini na tano, na katikati yake mwache mtoto acheze nje. Akizama katika kazi na muda uliopanga ukapita, usimkatize.

Vifaa vya kuanzia ni trei mbili za mayai, vifuniko hamsini hivi vya chupa za soda vilivyooshwa, maharagwe ya rangi mbili au tatu, sinia pana, jagi mbili ndogo, kikombe cha bati, kijiko, sponji, uzi, mkasi usio na ncha kali, chaki, katoni tupu za kukata kadi, na mchanga safi uliochekechwa na kukaushwa juani. Vitie vyote katika sanduku moja lenye kifuniko na uliweke mahali pa juu, kwa maana kifaa kinachobaki kimetapakaa sakafuni siku nzima hugeuka kuwa takataka, na mtoto hakitamani tena.

Kabla hujafungua sanduku hilo, zingatia hatari za hapa kwetu. Maharagwe, sarafu na vifuniko humkaba mtoto mdogo. Kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu, kazi hizo zifanyike akiwa amelala au amebebwa. Usitumie mbegu zilizobaki msimu wa kupanda, zile za pakiti zilizopakwa rangi ya waridi, kijani au buluu, kwa kuwa rangi hiyo ni alama ya dawa ya kuzuia ukungu na wadudu. Mbarika, ambayo huota yenyewe kando ya nyua na barabara nyingi za magharibi, ina mbegu za madoadoa zinazopendeza macho ya mtoto kuliko maharagwe yoyote, nazo ni sumu kali. Ing'oe iliyo karibu na nyumba na umfundishe mtoto kuitambua. Maharagwe mekundu mabichi nayo hayafai kutafunwa. Na ndoo au karai la maji lisiachwe na mtoto peke yake hata kwa muda wa kwenda kufungua mlango.

Namna ya kuonyesha kazi

Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma Januari 1907, aliwapa watoto wa familia maskini kazi za kumimina, kufunga vifungo na kufuta meza kabla ya kuwapa herufi, na namna yake ya kuonyesha ndiyo niliyoiona ikifaa zaidi. Keti upande wa kulia wa mtoto, au wa kushoto ikiwa yeye hutumia mkono wa kushoto, ili mkono wako usimzibe macho. Fanya kazi yote tangu mwanzo hadi mwisho polepole kuliko unavyodhani inahitajika, pasipo kuzungumza, kwa sababu mtoto mdogo akisikiliza maneno yako haangalii vidole vyako. Rudisha vifaa kama vilivyokuwa. Kisha mwambie, “Sasa ni zamu yako,” na uweke mikono yako mapajani.

Akikosea, usimwambie kwamba amekosea kama kifaa chenyewe kinaweza kumwambia. Maji yakimwagika ameyaona. Kifuniko kimoja kikibaki bila shimo la kukaa katika trei ya mayai, atakishika na kukitazama. Swali la kumuuliza ni “Umeona nini?” na ujibu kwa kunyamaza mpaka aseme.

Kumimina na kuhamisha

Hii ndiyo kazi ya kwanza kwa mtoto wa miaka mitatu, na humwandaa kushika penseli ingawa haionekani hivyo, maana kifundo cha mkono na vidole vitatu vya mbele vinazoezwa hapa. Anza na punje kavu, kwa mfano ndengu. Weka jagi mbili ndani ya sinia, ile ya kulia ikiwa na ndengu nusu, ainue kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukishika sehemu ya chini, amimine hadi ya mwisho, kisha azungushe sinia na kuanza tena. Siku tatu au nne baadaye weka maji badala ya ndengu, ukiongeza sponji ya kufutia. Baada ya hapo, ahamishe maharagwe kutoka bakuli moja hadi jingine kwa kijiko, na hatimaye kwa vidole viwili.

Binti yangu wa pili alipopewa maji kwa mara ya kwanza alimimina kwa kasi, nusu ikaishia kwenye sinia. Mkono wangu ulikwisha kunyanyuka kumsaidia. Nilijizuia, naye akatazama maji yale kwa kitambo, akachukua sponji, akaikamua juu ya jagi tone kwa tone huku ulimi wake umetoka pembeni mwa mdomo, na alipoanza tena aliuleta mdomo wa jagi karibu kabisa na ukingo wa jagi lile lingine kabla ya kuinamisha. Alirudia mara kumi na moja. Kama ningemshika mkono, angejifunza kunisubiri nimshike mkono.

Kuhesabu kwa trei ya mayai

Trei ya kawaida ina nafasi thelathini, yaani mistari sita ya nafasi tano tano. Ikate vipande vitatu, kila kimoja kiwe na mistari miwili, nawe utakuwa na vipande vitatu vya nafasi kumi kumi. Kwa somo la hesabu la mtoto mdogo, sijapata kifaa kilicho bora kuliko hiki.

Wiki ya kwanza mtoto aweke kifuniko kimoja katika kila nafasi, akitaja namba kwa sauti anapokiachia na si kabla. Watoto wengi huweza kuimba moja hadi ishirini kama wimbo ilhali hawajui kwamba kila neno ni la kitu kimoja. Trei huwalazimisha kwenda taratibu, kwa kuwa mkono hauwezi kuimba. Mfuatilie kwa kumwuliza, akifika saba, “Vyote pamoja ni vingapi?” Akianza kuhesabu upya, bado hajaelewa kwamba namba ya mwisho ndiyo jumla, na hakuna haja ya kusonga mbele. Mpe kitu kingine cha kuhesabu kesho, na kesho kutwa, vikiwemo vijiko vya chakula cha jioni na viatu vilivyo mlangoni.

Wiki ya pili au ya tatu, jaza nafasi saba na umwulize ni ngapi zimebaki tupu. Kwa kuwa mstari mmoja una tano, jicho lake litaanza kuona saba kama tano na mbili bila kuhesabu, na hiyo ndiyo mbegu ya kujumlisha na kutoa. Mwache aone mwenyewe.

Wiki ya nne ongeza kipande cha pili. Hapa lugha yetu inatusaidia sana, na inasikitisha kwamba wazazi wengi hukimbilia kuhesabu kwa Kiingereza, ambacho kina maneno ya pekee kwa 11 na 12 yasiyomweleza mtoto chochote. Kiswahili husema kumi na moja, kumi na mbili, na Kidholuo vivyo hivyo husema apar gachiel. Kipande kimoja kimejaa, hiyo ni kumi. Katika cha pili kuna kifuniko kimoja. Mtoto anasoma alichokiona. Ugumu huja kwenye ishirini na thelathini, maneno yenye asili ya Kiarabu ambayo hayataji mbili wala tatu ndani yake, na kwa hiyo kwa mwezi mmoja hivi sema “makumi mawili, yaani ishirini” kila unapofika hapo.

Akizoea kumi, mletee sarafu. Zile zilizotolewa Desemba 2018 zina wanyama: shilingi moja ina twiga, tano ina kifaru, kumi ina simba na ishirini ina ndovu. Watoto huzipenda kuliko zile za zamani zenye sura za marais. Mchezo ni wa kubadilishana: twiga watano wanampata kifaru mmoja, vifaru wawili wanampata simba, na simba wawili wanampata ndovu. Mzazi awe mwenye duka. Mtoto wa miaka mitano aliyecheza mchezo huu wiki mbili anaweza kutumwa kibandani kununua nyanya, mkiwa pamoja, na akahesabu chenji yake mbele ya mwenye kibanda.

Silabi kwenye mchanga

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na kwa hiyo mtoto akishazijua vokali tano na jinsi ya kuziunganisha na konsonanti, anasoma. Hakuna sababu ya kumkaririsha majina ya herufi zote kwa mpangilio wa alfabeti kwanza.

Kabla ya mchanga kuna makofi. Taja neno na mtoto apige kofi kwa kila silabi: ma-ma ni mawili, ki-ti ni mawili, ka-ra-ta-si ni manne. Kisha mpe maneno haya mawili: mtoto na mbuzi. Neno mtoto lina makofi matatu, kwa maana m yake inasimama yenyewe, nalo mbuzi lina mawili. Sikio likishalijua hilo, kusoma mti na mtu hakutamtatiza.

Sasa mimina mchanga ndani ya sinia, unene wa kidole kimoja, na uutikise usawazike. Andika a kwa kidole cha shahada, taja sauti yake, tikisa sinia ifutike, umpe. Fanya a na i siku ya kwanza, u siku ya pili, kisha e na o. Asiyeweza kufuatiza umbo apewe kwanza kadi ya katoni iliyobandikwa herufi iliyokatwa kutoka msasa laini, apitishe vidole viwili juu yake, halafu arudi kwenye mchanga. Vokali zikikaa, leta konsonanti m: ma, me, mi, mo, mu. Kwa hizo tu tayari kuna mama, mimi, uma, umia na mia. Ongeza t, upate moto, tamu, mate na tatu. Ongeza k, upate kuku, kiti, keki na mkate. Kila silabi iandikwe kwenye kadi yake, mtoto azipange mkekani kuunda neno, na ikiwezekana kitu chenyewe kiwekwe kando. Uma kwenye mkeka karibu na kadi mbili hukumbukwa kuliko uma uliochorwa kitabuni.

Katika nyumba za Waluo, sauti sh mara nyingi hutoka kama s, na katika nyumba nyingi za Waluhya p na b hubadilishana nafasi. Hili si kosa la mtoto, ni athari ya lugha ya mama, ambayo naomba isinyamazishwe nyumbani. Mpe mikono kazi hapa pia. Kwa soka na shoka, aweke kiganja mbele ya mdomo na alinganishe pumzi. Kwa bata na pata, shika kipande chembamba cha karatasi mbele ya midomo yake, nacho kitapeperuka zaidi kwenye pata. Kwa ngoma na ng'ombe, msikilizishe tu mara nyingi; mzungumzaji wa Kidholuo anazo sauti zote mbili tayari.

Penseli hufika baada ya haya yote, na mtoto mwenyewe ndiye atakayeiomba.

Unga wa kufinyanga

Changanya vikombe viwili vya unga wa ngano na kikombe kimoja cha chumvi, ongeza vijiko viwili vya mafuta ya kupikia, kisha maji kidogo kidogo yasiyozidi kikombe kimoja, ukikanda mpaka usishike mikononi. Binzari huupa rangi ya manjano. Ukifungwa ndani ya mfuko wa plastiki hukaa siku kadhaa. Mtoto afinyange herufi alizojifunza, au vidonge vya kujaza trei. Chumvi ni nyingi, kwa hiyo asiule. Kama karibu nawe kuna anayefinyanga vyungu, mwombe bonge la udongo wake, ambao ni bora zaidi na haugharimu unga.

Kuelea na kuzama

Jaza karai maji hadi nusu. Kusanya vitu kumi: kijiko, kifuniko cha chupa, kijiti, kokoto, limau, gunzi la mahindi, ufunguo, kipande cha sabuni, jani na chungwa. Kabla ya kila kitu kutiwa majini, mtoto akishike, aupime uzito wake kiganjani, na aseme kama kitaelea au kitazama. Wewe uweke alama ya chaki sakafuni kwa kila alichotabiri. Usimsahihishe. Kifuniko hasa kitamshangaza, kwa maana kikiwekwa kwa upole kama mtumbwi huelea, na kikisukumwa chini kikaingia maji huzama, naye mtoto wa hapa ambaye ameona mashua za wavuvi pale Dunga ataunganisha mambo hayo mawili bila kuambiwa.

Chungwa liache la mwisho. Litie na ganda lake, litaelea. Litoe, mpe mtoto alimenye mwenyewe, hata kama itachukua dakika kumi na maji ya chungwa yatamchuruzika hadi kwenye kiwiko, kisha alitie tena. Litazama. Limepungua uzito, lakini limezama! Mtoto mkubwa wa miaka sita ataukunja uso na kulitoa mara kadhaa kuhakikisha. Sababu yake ni kwamba ganda la chungwa limejaa vitundu vidogo vya hewa, likifanya kazi kama jaketi la kuogelea. Mpe ganda peke yake alitie majini kabla hujamweleza, na huenda maelezo yako yasihitajike.

Haragwe na uzi

Loweka maharagwe matano usiku kucha. Asubuhi, chukua glasi au chupa ya plastiki inayoangaza iliyokatwa juu, izungushie ndani kitambaa cha pamba kilicholowa, na upachike kila haragwe kati ya kitambaa na ukuta wa chupa ili lionekane kutoka nje. Maji yawe ya kulowesha kitambaa tu. Maharagwe yangu ya kwanza yalioza yote, kwa sababu nilimwachia mwanangu kikombe kizima naye aliyanywesha kila alipopita. Tangu hapo ninatoa kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Kwa joto la Kisumu, baada ya siku chache ganda litapasuka na mzizi utatoka wa kwanza, ukielekea chini. Ukishatoka, lazeni chupa ubavu na mwangalie baada ya siku moja au mbili: mzizi utakuwa umejipinda kuelekea chini tena.

Shina likianza kupanda, kila asubuhi mtoto apime kwa uzi kutoka kwenye haragwe hadi ncha, akate uzi huo, na aubandike wima juu ya karatasi kwa gundi ya unga wa muhogo uliopikwa, kila siku uzi mmoja kando ya mwingine, vyote vikianzia kwenye mstari mmoja chini. Baada ya siku kumi ukutani kutakuwa na grafu aliyoitengeneza mtoto asiyejua kusoma rula. Mwulize ni siku gani haragwe lilirefuka zaidi. Kisha mhamishie mche ardhini, hasa mvua za Machi hadi Mei au za Oktoba hadi Desemba zikiwa zimeanza.

Kivuli cha mchana

Hii hufanywa siku ya jua, kwa muda mfupi mfupi kati ya shughuli nyingine. Simika kijiti cha urefu wa mkono wa mtu mzima uani, mahali pasipo mti, na kuanzia saa mbili asubuhi mtoto aweke kokoto kwenye ncha ya kivuli kila saa. Wengi hutarajia kivuli kiwe kifupi kabisa saa sita kamili. Kwetu mara nyingi huwa kati ya saa sita u nusu na saa saba, kwa sababu saa ya Kenya inafuata longitudo 45 mashariki ilhali Kisumu iko karibu na 35, na kila digrii ni dakika nne. Kwa kuwa ikweta inapita Maseno, hapo kando tu, mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba kivuli hicho cha mchana karibu kitoweke chini ya kijiti. Mwezi wa Juni huelekea kusini, na Desemba kaskazini. Ukirudia kazi hii mara nne kwa mwaka, ukiziacha kokoto za kila mara zikiwa zimezikwa nusu, mtoto atakuwa na kalenda yake mwenyewe uani.

Sokoni na ziwani

Mara moja kwa wiki kazi ihamie nje. Sokoni, Kibuye kwa mfano, mchoree mtoto orodha ya vitu vitatu, ashike karatasi mwenyewe, na amwombe muuzaji kwa adabu, “Shikamoo mama, naomba nyanya.” Nyumbani, mpe gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, na kikombe, ajue ni vikombe vingapi vya mahindi vinalijaza. Ziwani, tazameni ndege na mitumbwi mkiwa nchi kavu. Mtoto asiingie majini, kwa sababu kingo za Ziwa Victoria zina kichocho, na viboko hawatabiriki.

Daftari la mzazi

Daftari ni lako wewe, si la mtoto. Kila Ijumaa jioni andika tarehe, kazi zilizofanyika, na jambo moja alilolifanya pasipo kuonyeshwa. Kazi aliyoikimbia siku tatu mfululizo iondolewe sandukuni kwa wiki mbili, kisha irudishwe kimya kimya bila kutajwa. Kazi anayoirudia kila siku usiibadilishe, hata kama wewe umeichoka. Ukipanga ya wiki inayofuata, soma mistari ya Ijumaa tatu zilizopita kabla ya kuamua. Mmoja wa mistari ya daftari langu unasema hivi: “Amemenya chungwa mwenyewe. Limezama. Amekwenda kumwita dani (nyanya yake) jikoni aje aone, akamkataza kuligusa.”